Mateka wa Baharini na Amri ya Dola

Msomaji, bahari ni njia isiyolimwa na mtu wala kupimwa na mwenye kiwanja, na kwa sababu hiyo kila mtu ana haki ya kuipita. Mvuvi wa Lamu na ngalawa yake, na nahodha wa meli ya mafuta iliyo ndefu kuliko viwanja vitatu vya mpira, wote wawili huelea juu ya maji yale yale na kuogopa tufani ile ile. Tangu kale majahazi yaliletwa pwani yetu na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudishwa kwao na kusi. Leo meli hazingojei pepo, lakini haja ya njia hiyo haikupungua. Ngano ya mkate ulioula asubuhi, dawa zilizo katika zahanati ya kijiji chako, na mafuta yaendeshayo gari lililokuleta shuleni, vingi katika hivyo viliingia kwa mlango wa Kilindini. Basi mtu azuiaye njia ya bahari huwaibia hata watu wa bara ambao hawajapata kuiona bahari.

Katika insha hii nataka tulifikiri pamoja swali moja gumu. Maharamia wakiteka meli na kuwashika mabaharia wake, husema, "Leteni fedha, au watu wenu watakufa." Serikali nazo zaweza kujibu kwa kuweka vikwazo, yaani amri zinazomkataza kila mtu kumpa haramia fedha au kufanya naye shughuli yoyote. Je, ni haki kuweka amri ya namna hiyo, ilhali wako watu kifungoni ambao uhai wao wategemea fedha hizo? Swali hili si la mawaziri na mahakimu peke yao. Ni swali juu ya thamani ya mtu mmoja mbele ya usalama wa watu wengi, nawe utakutana nalo katika maisha yako kwa sura nyingine nyingi.

Kwanza yatupasa kujua maana ya jambo kabla ya kulihukumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi mwaka 1982, waeleza kuwa uharamia ni ukatili, utekaji au unyang'anyi ufanywao katika bahari kuu na watu wa chombo kimoja juu ya chombo kingine, kwa faida yao wenyewe. Bahari kuu si ya dola yoyote. Kwa hiyo sheria imeruhusu dola yoyote kumkamata haramia huko, hata kama aliyeibiwa si raia wake. Ruhusa hiyo ni ya zamani sana. Warumi wa kale walimhesabu haramia kuwa ni adui wa watu wote, na ulimwengu haukupata kuiacha fikira hiyo.

Walakini jina hili la haramia limetumiwa vibaya mara nyingi na wenye nguvu. Mwaka 1498 Vasco da Gama, akiwa njiani kati ya Mombasa na Malindi, aliteka chombo cha watu waliokuwa wakisafiri kwa amani, akachukua dhahabu na fedha iliyokuwamo. Na vitabu vingi vimemwita mvumbuzi. Baadaye Wareno walitaka kila chombo katika Bahari ya Hindi kiwe na hati ya ruhusa yao, na chombo kisicho na hati kilitekwa na shehena yake ikachukuliwa. Baina ya mwaka 1585 na 1589 alikuja pwani hii Mturuki aliyeitwa Mir Ali Bey, akawashambulia Wareno mpaka alipokamatwa Mombasa. Wareno walimwita haramia, lakini miji mingi ya Waswahili ilimpokea kama mkombozi. Nakutajia habari hizi, msomaji, si kwa kutetea unyang'anyi, bali kwa kukuonya kwamba serikali ikisema, "Huyu ni haramia," huo ni mwanzo wa hukumu tu. Ushahidi lazima ufuate.

Sasa na tuitazame habari ya zama zetu wenyewe. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na nchi yenye pwani ndefu kabisa ikabaki bila askari wa kuilinda bahari yake. Meli za uvuvi za nchi za mbali ziliingia humo bila ya ruhusa, zikavua zilivyotaka. Wavuvi wa Kisomali walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake. Baadhi yao walishika silaha, wakasema kuwa wao ni walinzi wa bahari, na kwamba fedha wanazotoza ni ushuru.

Lakini udhuru si ruhusa. Tarehe 27 Juni 2005 meli iitwayo Semlow, iliyotoka Mombasa, ilitekwa karibu na pwani ya Somalia. Haikuwa meli ya kuvua samaki. Ilichukua tani 850 za mchele wa msaada uliotolewa na Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa kwa Wasomali walioharibiwa makazi yao na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Mabaharia wake wengi walikuwa Wakenya. Walikaa mikononi mwa maharamia zaidi ya miezi mitatu. Hebu pima mwenyewe: mtu aliyesema kuwa alinda samaki wa watu wake, sasa ameteka mchele wa watu wake walio na njaa. Hapo ndipo pazia la udhuru lilipopasuka, na kila mwenye macho akaona kilichokuwa nyuma yake.

Kutoka hapo uharamia uligeuka biashara. Septemba 2008 ilitekwa meli ya Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Novemba ya mwaka huo ilitekwa Sirius Star, meli kubwa ya Saudi Arabia iliyojaa mapipa ya mafuta yapatayo milioni mbili, mamia ya maili kutoka pwani ya Kenya. Fidia zilizolipwa kwa kila moja ya meli hizo zilitangazwa kuwa mamilioni ya dola. Sirius Star ilipofunguliwa Januari 2009, mashua moja ya maharamia waliokuwa wakienda zao na mafungu yao ilipinduka, na watano wakazama. Mchuma janga hula na wa kwao: mama zao hawakupata fedha, walipata maiti.

Benki ya Dunia pamoja na wenzake wa Umoja wa Mataifa na wa polisi ya kimataifa walichunguza fedha hizi, wakatoa taarifa mwaka 2013. Walikadiria kuwa baina ya Aprili 2005 na Desemba 2012 meli 179 zilitekwa karibu na Pembe ya Afrika, na kwamba fidia iliyolipwa ilikuwa kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Zilikwenda wapi? Kijana aliyepanda ngazi ya meli usiku, bunduki mgongoni na mauti mbele yake, alipewa kwa kawaida dola elfu 30 mpaka elfu 75. Kwake yeye hilo lilikuwa fungu kubwa, lakini mara nyingi lilipunguzwa na deni la chakula na miraa aliyokopeshwa alipokuwa akilinda mateka. Mtu aliyetoa mtaji, ambaye hakulowa hata unyayo, alichukua kati ya sehemu 30 na 50 katika kila 100. Kumbuka hesabu hii, maana tutairudia. Yaonyesha kuwa haramia tunayemwona na haramia anayetajirika ni watu wawili mbalimbali.

Kwa kuwa mwenye mtaji hakamatwi baharini, serikali zilifikiri kumkamata kwa mfuko wake. Novemba 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1844, ambalo kwalo mali za watu waliovunja amani ya Somalia zingezuiwa, na safari zao zikakatazwa. Aprili 2010 Rais Obama wa Marekani alitia sahihi amri iliyozuia mali za watu waliotajwa kwa majina, na miongoni mwao walikuwamo wawili waliojulikana kuwa viongozi wa maharamia. Tangu siku hiyo Mmarekani yeyote, au kampuni yoyote ya Marekani, iliyowapelekea watu hao fedha ilivunja sheria. Wenye meli na wenye bima wakashikwa na hofu, kwani ni nani ajuaye fidia itaishia katika mkono wa nani? Hakuna haramia atoaye stakabadhi.

Wanaotetea vikwazo wana hoja yenye nguvu, nami sitaki kuipunguza. Husema kwamba kila fidia ni mbegu. Fedha iliyolipwa leo kwa kumkomboa baharia mmoja hununua mashua, mafuta na bunduki za kumteka baharia mwingine kesho. Tena bei hupanda, maana muuzaji akiona mnunuzi halii hupandisha bei. Katika Novemba 2010, kwa kuifungua meli moja tu ya mafuta iitwayo Samho Dream, ilitangazwa kuwa dola zipatazo milioni tisa na nusu zilitolewa. Kwa hiyo, husema watu hawa, alipaye fidia humwokoa ndugu yake kwa kumtoa ndugu wa mwenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wenyewe ni fedha. Zibeni fedha, nao uharamia utakauka kama mto uliokatwa kwenye chemchemi.

Hoja hii ni nzuri kwa mtu aliyeketi ofisini. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na tuende sasa kwa mtu aliye kifungoni tukamsikilize naye.

Machi 2010 meli ndogo iitwayo Iceberg 1 ilitekwa karibu na Aden. Mabaharia wake 24 walitoka katika nchi za Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino. Haikuwa amri ya serikali iliyozuia fidia yao. Mwenye meli hakuilipa tu, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Lakini habari yao yatuonyesha sura ya mateka asiyelipiwa. Wenzao wa meli nyingine walikuja na kuondoka, wao wakabaki. Mmoja wao alikata tamaa, akajitupa baharini akafa, mwingine alitoweka. Waliobaki walikombolewa na askari wa Puntland Desemba 2012, baada ya siku karibu elfu moja. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku baba yake alipotekwa angekuwa amefika darasa la tatu.

Oktoba 2010 meli ya uvuvi ya Kikorea iitwayo Golden Wave ilitekwa katika maji ya upande wa Lamu. Watu 43 walikuwamo, na 39 kati yao walikuwa Wakenya, wazazi na ndugu wa watu kama wewe. Mwenye meli hakuwa na fedha ya kulipa. Miezi minne jamaa zao walingoja habari, mpaka walipoachiwa Februari 2011. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Je, ungeweza kusimama mbele ya mama wa mmoja wa wavuvi wale na kumwambia, "Mama, mwanao atafungwa na pengine atafia huko, ili watu usiowajua wasitekwe katika mwaka ujao"? Na kama usingeweza kumwambia hivyo uso kwa uso, je, ni vyema kumwambia hivyo kwa karatasi yenye mhuri?

Hapa, msomaji, ndipo kiini cha swali letu kilipo. Hoja ya vikwazo yahesabu watu. Hoja ya mateka yasema kuwa mtu si tarakimu. Baharia aliyeshikwa hakuteka meli, hakuvunja sheria, hakuitunga sheria, wala hakuulizwa. Alikwenda kutafuta ujira wa kuwalisha watoto wake. Ukimkataza ndugu yake kumkomboa, umeuweka mzigo wote wa vita dhidi ya uharamia juu ya bega la mtu mnyonge kuliko wote waliomo vitani. Vita huenda vikawa vya haki, na mzigo huo usiwe wa haki. Tena tutazame ni nani walio katika meli hizo. Mara nyingi mwenye meli ni wa nchi moja, bendera ni ya nchi ya pili, bima ni ya nchi ya tatu, na mabaharia ni watoto wa maskini wa nchi ya nne. Amri ikitungwa na nchi ya tano, ni nani atakayesema kwa niaba ya mabaharia?

Mahakimu nao wameliona jambo hili. Mapema mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya shehena ya meli iliyotekwa mwaka 2008, iliulizwa kama kulipa fidia kwa maharamia ni jambo lililo kinyume cha masilahi ya umma. Mahakama ilikataa kusema hivyo. Haikuisifu fidia, lakini iliona kuwa mara nyingi hakuna njia nyingine ya kuwatoa watu kifungoni, na kwamba sheria haipaswi kumhesabu mhalifu mtu atoaye fedha chini ya tishio.

Iko hoja ya pili, nayo yahusu orodha yenyewe. Mtu akitiwa katika orodha ya vikwazo hukamatwa mali yake kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Mmoja wa wale viongozi wawili waliotajwa na Marekani mwaka 2010 alikuwa amekwisha kusema hadharani mwaka uliotangulia kuwa ametubu na kuacha uharamia. Pengine alisema kweli, pengine alisema uongo. Orodha haina masikio ya kusikiliza. Linganisha na yaliyotokea hapa kwetu. Maharamia wengi waliokamatwa na manowari za nchi za nje waliletwa Mombasa, wakashtakiwa. Juni 2010 ilifunguliwa mahakama yenye ulinzi imara huko Shimo la Tewa kwa kusikiliza kesi kubwa kama hizo. Walikuwa na mawakili, mashahidi waliulizwa, na Novemba 2010 Mahakama Kuu hata ilitamka kuwa mahakama za Kenya hazina uwezo juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya Kenya. Hukumu hiyo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2012. Wako waliochukizwa na ucheleweshaji huo. Mimi nauona kuwa ni heshima kwa nchi. Hata adui wa watu wote alipewa nafasi ya kusema, na sheria ilipokuwa na shaka ilisema wazi kuwa ina shaka.

Hoja ya tatu ni ya kazi tu, si ya maadili. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kuzuia mali ya mtu katika benki za New York kunamuuma mtu aliye na mali katika benki za New York. Fidia nyingi za Somalia hazikupita benki hata kidogo. Zilifungwa katika mabunda yasiyopenya maji, zikadondoshwa kutoka katika ndege kwa mwavuli, zikahesabiwa juu ya meli ile ile, zikagawanywa hapo hapo. Haramia mdogo hakuwa na akaunti ya kuzuiwa. Alikuwa na deni la miraa. Ni mwenye mtaji peke yake aliyeweza kuguswa, kwa kuwa ni yeye aliyetaka kuzigeuza fedha zake kuwa biashara na kuzivusha mipaka.

Basi ni nini kilichoupunguza uharamia? Mambo mengi kwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Manowari za mataifa mbalimbali zililinda njia. Za Ulaya zilianza ulinzi wao Desemba 2008. Mabaharia walijifunza kuzungusha seng'enge kandokando ya meli, kuongeza mwendo, na kujificha katika chumba chenye mlango wa chuma. Meli nyingi ziliajiri walinzi wenye silaha. Mamia ya maharamia walifungwa katika nchi mbalimbali, na Oktoba 2013 mkuu wao mmoja aliyejulikana sana kwa jina la Afweyne alikamatwa Ubelgiji, alikovutwa kwa ahadi ya kutengeneza sinema ya maisha yake. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Katika Puntland wazee na mashehe walihubiri kuwa fedha ya uharamia ni haramu, na neno la mzee wa mji huingia mahali ambapo amri ya Rais wa mbali haiingii. Baada ya Mei 2012 ilipita karibu miaka mitano bila ya meli kubwa ya biashara kutekwa na maharamia wa Somalia.

Lakini usifikiri kuwa ugonjwa umekwisha. Manowari zilipoelekea kwingine, majipu yaliota tena. Machi 2024 meli ya Bangladesh iitwayo Abdullah ilitekwa ikitoka Maputo, na mabaharia wake 23 hawakuachiwa mpaka Aprili. Swali letu, kwa hiyo, si la kihistoria tu. Bado lasubiri jibu.

Nimekwisha kukuonyesha pande zote mbili, na si vyema mwandishi amfikishe msomaji njia panda kisha amkimbie. Rai yangu ni hii. Kikwazo chafaa kumlenga apokeaye, kisimlenge atoaye kwa kulazimishwa. Dola ina haki, tena ina wajibu, kumfuata mwenye mtaji wa uharamia popote aliko, kuzuia mali yake, kumnyima njia, na kumfikisha mbele ya hakimu ambako atasema naye atasikilizwa. Lakini dola haina haki ya kumgeuza mhalifu baba amkomboaye mwanawe, wala mwenye meli awakomboaye watumishi wake. Dola iliyoshindwa kumlinda baharia njiani haiwezi kumkataza ndugu yake kumwokoa. Ikitaka fidia zisilipwe, na ifanye kazi iliyo ngumu zaidi: iilinde njia, ili mateka wasipatikane.

Utaniuliza, "Je, mbegu ile ya fidia si itaota?" Naam, itaota. Sikatai gharama ya rai yangu. Watu wengine huenda wakatekwa kwa fedha iliyowakomboa hawa, nami nalikiri jambo hilo kwa uzito. Lakini yule wa kesho twaweza bado kumlinda kwa manowari, kwa seng'enge, kwa mahakama na kwa hekima ya wazee. Huyu wa leo hana kinga nyingine ila fidia. Kumtupa mtu ambaye hana ila njia moja, kwa ajili ya mtu ambaye bado ana njia nyingi, si hesabu ya haki.

Warumi wana kisa kimoja kinachofaa hapa. Julius Caesar, alipokuwa kijana, alitekwa na maharamia. Walitaka talanta 20. Yeye akawacheka, akasema kuwa thamani yake ni talanta 50. Fidia ililipwa, akaachiwa. Baadaye alirudi na merikebu, akawakamata maharamia wale wale, akawaua. Sikisifu kisasi chake, lakini utaratibu wake una mafunzo: mateka alitoka kwanza, na haki ikafuata. Mwaka 67 kabla ya Kristo Pompey naye alipewa jeshi la kuisafisha bahari yote, na kazi hiyo aliimaliza kwa muda wa miezi michache. Wengi katika wale waliojisalimisha hakuwaua. Aliwapeleka bara, akawapa ardhi ya kulima na miji ya kukaa. Aliona kwamba mtu akikatazwa kuiba lazima aonyeshwe pa kuchuma. Pwani ya Somalia yenye samaki wengi, ikilindwa dhidi ya meli za nje zisizo na ruhusa, yaweza kuwalisha vijana wake bila ya bunduki. Na kuilinda hivyo ni deni la mataifa yale yale yaliyopeleka manowari.

Nawe, msomaji, huenda usipate kamwe kuitia sahihi amri juu ya maharamia. Lakini utakuwa kiranja, mwalimu, mkuu wa ofisi, diwani au hakimu, na siku moja utataka kuzuia ubaya mkubwa kwa kutunga amri. Siku hiyo uliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza: amri hii itamwuma mkosaji, au itamwuma mtu aliyesimama karibu naye? La pili: mtu atakayeumizwa nayo, je, naweza kumweleza sababu yake nikiwa nimemtazama machoni? Ukiona kuwa huwezi, iweke kalamu chini ufikiri tena. Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila amri, hata ikizunguka namna gani katika vitabu vya sheria, mwisho wake huteremka katika ngama ya chombo, mahali ambapo yuko mtu amekaa gizani akingoja kujua kama wenzake wamemkumbuka.